Dawa ya mzee, presha ya mama mdogo

Watoto wa mume humwita mama mdogo, nami nitamwita hivyo hivyo. Ana miaka 52. Mumewe, ambaye pale mtaani kwao Ujiji, Kigoma, hujulikana kama mzee tu, ana 64. Alikuwa fundi wa injini za boti mpaka asubuhi moja ya Novemba 2023, alipoamka mkono na mguu wa kulia havimtii na mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Akalazwa hospitali ya mkoa siku kumi na moja, akarudi nyumbani na neno moja. Neno lenyewe ni "basi". Akitaka maji ni basi, akikataa uji ni basi, akimuaga mgeni ni basi. Kuelewa anaelewa yote. Nalisema hili mapema kwa sababu mimi mwenyewe nililisahau, nikawa naongea juu ya kichwa chake kama vile hayupo.

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya, na Jumanne ni zamu yangu ya kliniki ya presha na kisukari. Kuanzia Januari hadi Agosti 2024 mama mdogo aliingia chumbani kwangu mara nane, akisukuma kiti cha magurudumu alichoazima msikitini. Mara saba kati ya hizo sikumpima. Nilimpima mzee, nikaandika kwenye kadi ya mzee, nikampa yeye maelekezo ya mzee, nikamwambia "haya mama, mwezi ujao". Wenyewe wameridhia kisa chao kiandikwe bila majina.

Kwa mzee mambo yalianza vizuri. Alikuwa anatumia dawa ya presha, amlodipini, ya miligramu 10 mara moja kwa siku, aspirini ndogo na dawa ya kolesteroli. Januari presha yake ilikuwa 144/88, Machi 138/84. Mguu ulianza kupata nguvu kidogo, mkono bado. Aprili hakuna cha kusimulia, na Mei vilevile. Juni ikasoma 158/96. Nikauliza kama dawa zinamezwa kila siku, mama mdogo akajibu zinamezwa. Julai ikasoma 166/98, nikaongeza dawa ya pili ya presha, losatani. Agosti ilikuwa 164/98, kama vile sikuongeza kitu.

Mwongozo unasema presha ikikataa kushuka, kabla ya kuongeza dawa hakikisha kwanza ile iliyopo inamezwa. Niliuliza, nikajibiwa, nikaridhika. Lakini kuuliza ni jambo moja na kuhesabu vidonge ni jambo lingine.

Jumanne ile ya wiki ya pili ya Agosti mama mdogo alikuwa anaegemea ukuta huku ameshika kisogo. Muuguzi wetu, ambaye ana jicho kuliko mimi, akamkalisha na kumfunga kile kitambaa cha mashine mkononi bila kuniuliza. 198/116. Akarudia mkono wa pili baada ya dakika tano: 194/114.

Presha ya namna hiyo humtia mtu kiwewe, na haraka ndiyo huharibu. Tulimlaza, tukamuuliza kama macho yanaona sawa, kama kifua kinauma, kama kuna ganzi au udhaifu upande mmoja, kama anakosa pumzi. Hakuna. Mkojo ulikuwa na protini kidogo. Kwa hiyo haikuwa ile dharura ya kumkimbiza wodini na kuwekewa dripu ya kushusha. Ilikuwa ya kurudishiwa vidonge, kupumzishwa, na kuangaliwa siku zinazofuata. Wakubwa zetu kazini walikuwa wakitoboa kidonge cha nifedipini na kudondoshea chini ya ulimi. Hilo liliachwa, kwa kuwa presha ikiporomoka ghafla ubongo uliozoea kusukumiwa damu kwa nguvu hukosa damu, na unamtengenezea mtu kiharusi kilekile ulichokuwa unakikimbia.

Nikamuuliza, "Mama, umemeza dawa zako leo?"

"Nimemeza, daktari."

"Zipi?"

Akanyamaza. Akageuza uso kwenye dirisha.

"Basi," akasema mzee.

Sikumjali. Nikarudia swali. Mzee akasema basi tena, safari hii kwa sauti, kisha akaingiza mkono wa kushoto kwenye mkoba wa ukili uliokuwa mapajani mwake, akatoa bahasha ya kaki ya dawa, akaigeuza juu chini. Vikamwagika vipande. Si vidonge, vipande: kila kidonge kimekatwa katikati kwa wembe, vingine vimekatika vibaya vikabaki unga. Mzee akaokota kipande kimoja, akakisogeza mdomoni mwake. Akaokota cha pili, akamnyooshea mkewe pale kitandani. "Basi," akasema, na machozi yakamtoka.

Hapo nikafanya kosa la pili. Nilisema, "Kwa nini unakula dawa ya mgonjwa?"

Mama mdogo hakukasirika. Alisema, "Tumegawana, daktari. Kama tunavyogawana ugali."

Tukakaa tukafanya hesabu, mimi, yeye na muuguzi, mzee akiitikia kwa kichwa kila tulipopatia. Vidonge 30 vya miligramu 10 vilikuwa vinatoka kwenye dirisha letu kila mwezi kwa ajili ya mzee. Tangu mwanzo wa Juni kila mmoja alikuwa akipata miligramu 5. Ile losatani niliyoongeza Julai mama mdogo aliitambua mara moja kuwa ni ndugu wa dawa yake ya zamani, nayo ikakatwa. Maana yake ni kwamba nilimwongezea dawa mtu ambaye hata ile ya kwanza alikuwa anapata nusu, na hiyo ya pili nayo ikaenda kugawanywa.

Kwa nini Juni? Kwa watu wa ziwa jibu si fumbo. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wetu ulisimamishwa ili kulipumzisha ziwa. Sibishani na hilo. Mwenye macho aliona jinsi dagaa na migebuka walivyokuwa wanapungua. Lakini mama mdogo alikuwa na biashara moja tu, kununua dagaa wabichi alfajiri mwalo wa Kibirizi, kuwaanika na kuwauza kwa sado. Boti zilipotulia, naye akatulia. Wiki mbili za kwanza alikula akiba, na wiki ya tatu akaacha kununua dawa yake.

Ndiyo, alikuwa na dawa yake. Presha aligundulika nayo mwaka 2017, na miaka yote hiyo amekuwa akinunua kidonge cha losatani kilichochanganywa na dawa ya kutoa maji, haidroklorothiazidi, kwa pesa ya dagaa. Mumewe ana zaidi ya miaka 60, ana kitambulisho cha msamaha wa matibabu kwa wazee, na pale dirishani wenzake humpisha. Yeye ana 52. Mlango ni mmoja, mfamasia ni yule yule, mmoja anatoka na bahasha bure na mwingine anaombwa pesa taslimu.

Na watoto? Wapo watatu, wa mke wa kwanza ambaye ni marehemu. Mkubwa yuko Dar es Salaam, wa pili Kasulu, binti ameolewa Uvinza. Si watoto wabaya, na nisingependa msomaji awachukie. Kila mwezi walituma pesa kwa simu, na ujumbe uliambatana: dawa ya baba. Dawa ya kolesteroli, ambayo mara nyingi haikuwepo dirishani kwetu, ilinunuliwa kwa pesa hiyo, pamoja na pampasi na nauli ya bajaji. Mama mdogo alipiga picha risiti na kuwatumia, kila mwezi, bila kuombwa. Aliniambia: "Mimi si mama yao mzazi. Sitaki siku moja waseme nilikula hela ya baba yao." Kwa hiyo hela ya baba yao hakuigusa. Aligusa vidonge, kwa sababu vidonge havina risiti.

Watu wengi, hata wenzangu wa kazini, wanapomwona mke aliyeuguza mume mpaka naye akaanguka, husema amejisahau. Neno hilo silipendi. Mama mdogo hakujisahau hata siku moja. Mtu anayejisahau hakati kidonge kwa wembe saa kumi na mbili asubuhi ili apate nusu yake. Alijikumbuka vizuri, ila kila kilichoingia mle ndani kilikuwa kimeshaandikwa jina la mtu mwingine. Kadi ni ya mzee, msamaha ni wa mzee, pesa ni ya mzee, Jumanne ni ya mzee. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "mama, jitunze" umemwongezea kazi.

Hayo ni ya Juni kuja huku. Lakini protini kwenye mkojo, dalili kwamba figo zinaumia, haikunipa usingizi, maana miezi miwili ni michache kuziumiza hivyo. Nikaomba kipimo cha figo. Kreatinini, taka ya damu ambayo hupanda figo zikishindwa kuichuja, ikarudi 138, na maabara yetu huweka kikomo cha mwanamke kwenye 98. Ndipo nikauliza swali ambalo ningepaswa kuuliza Januari: mgongo vipi?

Mgongo ulikuwa unamuua tangu Februari. Alikuwa akinunua dawa ya maumivu, diklofenaki, kwenye duka la dawa la karibu, miligramu 50 asubuhi na 50 usiku, karibu kila siku, kwa bei ambayo hata kipindi ziwa limefungwa aliweza kuimudu. Dawa hiyo ni nzuri kwa siku tatu nne za maumivu. Ukiizoea, inaufanya mwili ukae na chumvi na maji, inapandisha presha, na inapunguza nguvu ya losatani na ya dawa ya kutoa maji. Zaidi ya hapo, hizo tatu zikikutana kwa mtu mmoja hubana damu inayokwenda kwenye figo. Kwa hiyo hata alipokuwa anameza dawa zake kikamilifu, Februari mpaka Mei, mkono mmoja ulikuwa unajenga na mwingine unabomoa. Miguu ilikuwa inavimba jioni, akadhani ni kusimama sana.

Tukasimamisha diklofenaki siku hiyo hiyo. Losatani na dawa ya maji tukaziweka kando mpaka figo zijulikane zinaelekea wapi, tukampa amlodipini yake mwenyewe, nzima, kwenye bahasha yenye jina lake. Kwa maumivu, parasetamoli. Alivyoniangalia niliposema parasetamoli! Alikuwa na haki. Parasetamoli haiwezi kushindana na mwanaume wa kilo 78 anayenyanyuliwa na mwanamke wa kilo 59 mara sita kwa siku.

Tulipata bahati ya binti wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo, aliyekuwa akizunguka mitaani wiki ile. Nilikwenda naye nyumbani. Kitanda kilikuwa cha kamba, kifupi, magoti ya mzee yanapanda juu ya nyonga akikaa. Mama mdogo akatuonyesha anavyomnyanyua: anainama, anampitishia mikono kwapani, anavuta. Binti akafumba macho kidogo, nadhani kwa uchungu wa mgongo usio wake. Kisha akaomba matofali. Miguu ya kitanda ikapandishwa tofali moja moja. Kiti kikahamishwa upande wa kushoto, upande wa nguvu. Mzee akaambiwa asogee ukingoni, avute miguu nyuma, ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu. Mama mdogo akakunja kanga kama mkanda kiunoni mwa mumewe, akakunja magoti badala ya mgongo, wakahesabu pamoja. Moja, mbili, "basi!" Mzee akainuka. Nusu ya uzito aliubeba mwenyewe. Binti akaonya jambo moja kwa ukali: mkono uliopooza usivutwe kamwe, bega litachomoka.

Halafu akauliza, kama mtu anayepitisha muda, "Usiku unalala saa ngapi, mama?"

Mama mdogo akachomoa simu yake ndogo ya tochi, akaibonyeza, akampa. Kengele zilikuwa nne: saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi. Wodini walimwambia amgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, na kweli mzee hakuwahi kupata hata kimoja. Ngozi yake ilikuwa nzima kama ya mtoto. Kwa miezi tisa mwanamke huyu alikuwa hajalala zaidi ya saa mbili mfululizo.

Binti akamlaza mzee chali, akafunga kipande cha kamba ya wavu kwenye tendegu la upande wa kulia, akamwekea ncha kwenye mkono wa kushoto. "Jigeuze, baba." Mzee akavuta, akapinda goti la kushoto, akabingirika. Akarudi. Akafanya tena bila kuambiwa, akicheka upande mmoja wa uso.

Nilitegemea mama mdogo angefurahi. Alikasirika, na hiyo ndiyo mara pekee nimemwona amekasirika. "Tangu lini anaweza?" aliniuliza. Nikamwambia sijui kwa hakika, labda tangu Machi au Aprili. Akarudia, polepole: "Machi." Akatoka nje, tukamsikia anachota maji.

Yale maelekezo ya wodini yalikuwa sahihi Novemba. Kosa ni kwamba hakuna aliyerudi kuyafuta. Sisi watu wa afya tunajua sana kuanzisha, kusitisha hutupita. Na usingizi si anasa kwa mwenye presha: usiku ukilala vizuri presha hushuka kwa kawaida, mishipa ikapumua. Ukikatwa kila baada ya saa mbili, nafasi hiyo hupati. Tukakubaliana kengele moja, saa nane, ya kukagua ngozi ya makalio, visigino na nyonga. Pakionekana pekundu pasipofifia, turudi kwenye kumgeuza, kila baada ya saa nne. Hapakuonekana.

Kikao cha familia sikukiendesha vizuri. Nilimpigia mkubwa wa Dar es Salaam, nikamweleza habari ya vidonge kwa nia njema, na kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika Uvinza kwamba mama mdogo anakula dawa za baba. Shangazi mmoja alisema mbele yangu kwamba mke ndiye dawa ya mume, hakuna cha kuchoka. Ilinibidi nirudi na kadi zote mbili na kueleza upya, kwa namba: presha ya baba yenu hii, ya huyu anayemgeuza hii, huyu akianguka wiki hii, nani kati yenu anahamia Ujiji? Simu ikawa kimya muda mrefu. Yule wa Kasulu ndiye aliyesema, "Shikamoo mama mdogo. Tusamehe." Akaahidi kulipia CHF, bima ya afya ya jamii, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na hiyo akailipa kweli. Mkubwa akaanza kutuma pesa mara mbili, na ujumbe wa pili unasema: ya mama mdogo. Binti wa Uvinza aliahidi kuja kila Jumamosi. Alikuja Jumamosi tatu.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Richard Schulz na Scott Beach, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee wanaoishi na wenzi wao kwa takriban miaka minne. Wale waliouguza huku wakielemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wasiouguza. Waliouguza bila kuelemewa hawakuonekana kuwa na ongezeko la maana. Watu wale walikuwa na umri wa miaka 66 na kuendelea, wa nchi nyingine, kwa hiyo siwezi kuichukua namba hiyo nikamvisha mama mdogo. Ninachokichukua ni ule mgawanyo. Uuguzaji wenyewe haukuwa mwuaji. Mzigo ndio uliotenganisha makundi mawili, na mzigo una vipande unavyoweza kuviona ukienda nyumbani: kitanda kifupi, kengele nne, ujumbe wa simu wenye jina la mtu mmoja.

Septemba mama mdogo alisoma 162/98. Oktoba 148/90, kreatinini imeshuka hadi 104. Desemba 136/86, kreatinini 94, mkojo safi. Mzee, baada ya kurudishiwa amlodipini yake nzima, alirudi kwenye 136/82 na ile losatani niliyomwongezea Julai nikaiondoa. Mgongo wa mama mdogo bado unauma siku za kufua, ila si kila siku. Biashara ya dagaa ameirudia nusu: hashuki tena Kibirizi alfajiri, analetewa beseni na jirani na kuanika uani, faida imepungua. Siku moja ya Novemba alinunua diklofenaki tena, akaniambia mwenyewe kabla sijauliza.

Kadi zao mbili sasa zimebanwa kwa pini moja na tarehe ni moja. Jambo dogo, lakini lilihitaji ubishi: utaratibu wetu huweka wazee wiki ya kwanza na wengine wiki ya pili, na mtu wa mapokezi aliona nampendelea.

Rejesta ya kliniki haina nafasi ya mtu aliyemleta mgonjwa. Nilichora safu kwa penseli pembeni, nikaandika juu yake: aliyemleta, presha yake, usingizi wake, dawa anayonunua mwenyewe. Januari ililetwa rejesta mpya, nzuri, jalada gumu, bila safu hiyo. Nimechora tena.